Mbwa Hadeki Bila wa Kumdekeza

Waswahili walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo tumezoea kuitumia kuwasuta wazazi wa watoto watundu. Leo naomba ruhusa ya wasomaji niitumie kwa mbwa. Atakaye kucheka na acheke kwanza, kisha tuendelee, kwani jambo lenyewe ukilichunguza halichekeshi.

Ukitembea katika mitaa ya Kitale utaona malango mengi yenye kibao cha maneno mawili: "Mbwa Mkali". Piga hodi uone. Mara nyingi huyo mkali hutoka akitikisa mkia, akakuzunguka, akanusa mikono yako na mfuko uliobeba, kisha akaketi chini akikutazama machoni kama mtoza ushuru. Hataki kukuuma. Anataka kujua umemletea nini. Ukiwa huna kitu, hapo ndipo atakapobweka.

Ni nani aliyemfanya hivyo? Mwenye mbwa atakuambia ni yule aliyemwachia alipokuwa safarini. Aliyeachiwa atakuambia mbwa alikuja vivyo hivyo. Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na mbwa yuko katikati anangoja mfupa. Maoni yangu ni kwamba wote wawili wana makosa, na kosa lao ni moja: wanampa mbwa chakula ili wajinunulie amani, mahali pa kumpa malezi. Sisemi haya kwa kuwalaumu wengine. Mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Mnamo Agosti 2024 mimi na mama watoto tulikuwa na safari ya wiki tatu kwenda Mombasa. Tuna mbwa wa rangi ya kahawia aitwaye Simba, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu. Tukaamua kumpeleka kwa shemeji yangu huko Bungoma. Makanga wa matatu alimtazama Simba, akanitazama mimi, akafunga mlango. Ikabidi nimwombe jirani mwenye pikapu, tukapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, Simba akiwa amesimama nyuma kama mheshimiwa katika msafara wa kampeni.

Wasomaji wa huko wanakumbuka mwezi huo ulivyokuwa. Wabukusu huwatahiri vijana wao mwezi wa Agosti, kila baada ya miaka miwili, na 2024 ulikuwa mwaka wenyewe. Boma baada ya boma kulikuwa na nyama jikoni na wageni wa kulishwa. Simba aliingia katika neema hiyo akiwa mgeni kamili. Shemeji ni mtu wa heshima, na kwa heshima za kwao mgeni hapewi makombo. Simba alipewa nyama, akapewa mchuzi, akapewa kila kiungo cha kuku isipokuwa imondo, maana heshima nayo ina mipaka yake. Usiku alilala ndani juu ya kochi, kwa sababu alipoachwa nje alilia, na majirani wakauliza mbwa wa watu anateswa kwa nini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Simba hakupewa jembe. Kwa wiki tatu hakulinda lango, hakuzunguka boma, hakuambiwa "ngoja" hata mara moja.

Tulipomchukua alikuwa amenenepa hata ukanda wake wa shingoni ulikuwa umemkaba. Nyumbani akaunusa ugali wa omena aliokuwa akiula tangu utotoni, akageuza uso. Tulipoketi kula aliweka kidevu juu ya meza. Usiku alikwaruza mlango. Nasi kwa huruma, na kwa uchovu, tukampa. Leo kipande cha chapati, kesho ngozi ya kuku, keshokutwa tukamkatalia, siku ya nne tukampa tena.

Jumamosi moja mwezi wa Oktoba lango liliachwa wazi. Mtoto wa jirani, msichana mdogo wa shule, alikuwa akipita njiani na hindi la kuchoma mkononi. Simba alimwendea akitikisa mkia, akalirukia hindi, na jino likapasua mkono wa mtoto.

Nataka msomaji anielewe hapa. Simba hakuwa na hasira. Hakunguruma. Alifanya yale aliyofundishwa na watu waliompenda: kwamba chakula kilicho mkononi mwa binadamu ni chake, na kwamba asipopewa basi aongeze bidii.

Tuliliosha jeraha kwa maji mengi na sabuni, tukamkimbiza mtoto hospitali. Daktari aliuliza kama mbwa amechanjwa. Nikarudi nyumbani kutafuta cheti. Kumbe Simba alichanjwa mara moja tu, alipokuwa mdogo, na ile chanjo iliyopaswa kurudiwa kila mwaka haikurudiwa. Fedha za nyama zilikuwa zimepatikana. Za sindano zilikuwa zimesahaulika. Mtoto akaanzishiwa sindano zake, nasi tukaagizwa tumfungie Simba na kumwangalia kwa siku 10, kwa kuwa mbwa ambaye tayari anatoa ugonjwa huo katika mate yake huonyesha dalili au hufa katika muda huo. Zilikuwa siku ndefu. Kila asubuhi baba wa mtoto alikuja akasimama langoni, akamtazama Simba akinywa maji, akaondoka bila kusema neno. Siku ya mwisho alisema, "Ashukuriwe Mungu, jirani," akaenda zake. Mkono wa mtoto ulipona. Lakini yeye, aliyekuwa akimwita Simba kwa jina kila apitapo, sasa huvuka barabara akifika kwetu.

Kichaa cha mbwa si hadithi ya kutishia watoto. Hapa Kenya ugonjwa huo ulithibitishwa kwa mbwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, pembeni mwa Nairobi, na kwa binadamu mwaka wa 1928, katika eneo la Ziwa Victoria. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado unaua. Dalili zikishamtokea mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Taifa lina mkakati wa kuutokomeza, uliopangiwa miaka ya 2014 hadi 2030, na wataalamu husema kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Hesabu hiyo haiwahusu mbwa wa kuzurura sokoni peke yao. Inawahusu pia hawa wetu wanaolala kwenye makochi.

Baada ya mambo kutulia nilikwenda Bungoma nikiwa na maneno makali. "Shemeji," nikamwambia, "mbwa wangu umemharibu." Alinisikiliza kwa adabu, akanimiminia chai, kisha akasema: "Shemeji, siku ya kwanza tulipoketi kula, mbwa wako alikuja moja kwa moja hadi kwenye kiti changu, akaniwekea mguu gotini. Nani alimfundisha?" Nikanyamaza. Akaongeza: "Na kama ungemkuta amekonda, ungesemaje?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu la swali la kwanza wala la pili.

Tuanze na hilo la pili, kwani ndilo lenye siri ya walezi wote. Mtu anayeachiwa mbwa wa mwenzake hupimwa kwa unene wa mbwa. Hakuna anayerudi safarini akasema, "Ahsante, naona mbwa amezidi kuwa mtiifu." Husema, "Ahsante, naona amenawiri." Basi mlezi afanyeje? Hulisha. Mbwa akilia hulisha. Mbwa akikataa chakula kimoja huletewa kingine. Mlezi anaogopa lawama, na njia rahisi ya kuikwepa lawama ni mfupa mwingine.

Mwenye mbwa naye ana lake. Wengi wetu tuna nyumba Kitale na kazi Eldoret au Nairobi. Siku tano mbwa yuko na mlinzi au kijana wa shamba, ambaye ameagizwa mambo mengi kuhusu ng'ombe na mahindi, na kuhusu mbwa hakuagizwa kitu. Mchana humfunga mnyororo. Jumamosi tajiri anafika na mfuko wa nyama, anamfungua mbwa, anamkumbatia, anamlisha kwa mkono, anamwacha aingie sebuleni. Jumapili jioni anaondoka. Mbwa huyo huyo ni mwana wa mfalme Jumamosi na mfungwa Jumatatu. Halafu tunashangaa kwamba hana akili!

B. F. Skinner, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza jinsi wanyama wanavyojifunza, alionyesha jambo linalotuhusu hapa. Katika kitabu alichochapisha pamoja na C. B. Ferster mwaka wa 1957, mna majaribio ya njiwa waliozoezwa kudonoa kitufe ili wapate chakula. Mnyama anayepewa kila anapojaribu, siku chakula kikikoma, huacha upesi. Lakini yule aliyezoea kupewa mara moja moja, bila kujua ni lini, huendelea kujaribu kwa muda mrefu mno. Soma tena maneno hayo ukimfikiria mbwa aliye chini ya meza yako. Yule anayempa kila siku anamzoeza vibaya. Lakini anayekataa leo na kulegea kesho ndiye anayemfundisha kutokata tamaa. Sisi tuliojiona wakali kidogo ndio tuliokuwa walimu hodari zaidi wa uombaji.

Najua wako watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya kizungu, kwamba mbwa wa babu zetu alijitafutia mwenyewe na hakudekezwa na mtu. Siwapingi katika la pili. Lakini dawa ya kudekeza si kutelekeza. Katika nchi hii yetu ya mahindi kuna desturi mbaya ya kusema kwamba gunia lililoota ukungu ni la mbwa. Mwaka wa 1977 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa chakula kilichoingiwa na aflatoksini, sumu ya ukungu huo. Hata mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo tunaitoa kwa upendo, huvunjika vipande vyenye ncha na yaweza kumtoboa mbwa matumbo. Tena iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, sura ya 360, inayotukataza kuwatesa wanyama. Anayemnyima mbwa na anayemjaza kupita kiasi wote wamekwepa kazi ile ile, ya kumjua mnyama anahitaji nini.

Na anahitaji nini? Si mengi. Sahani moja, mahali pamoja, saa ile ile, na asipewe kitu kutoka mkononi wala mezani. Neno moja la kukataza, linalosemwa na watu wote wa nyumba kwa namna moja: baba, mama, watoto wanaorudi kutoka shule za bweni, na mlinzi. Ikiwa baba anakataza na watoto wanaruhusu, mbwa hujifunza kumsubiri baba aondoke. Atembezwe kila siku, asikae kwenye mnyororo kutwa. Achanjwe afikapo miezi mitatu na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo aelekezavyo, na cheti kiwekwe pale pale panapowekwa vyeti vya watoto.

Anayesafiri asimwache mbwa kama anayeacha mwavuli. Amwachie mlezi chakula cha mbwa cha siku zote, cheti cha chanjo, na maagizo yaliyoandikwa: anakula nini, analala wapi, anakatazwa nini. Zaidi ya hayo amwambie waziwazi: "Ukimrudisha amepungua kidogo sitakulaumu, lakini akijifunza kuomba nitasikitika." Maneno hayo yatamwondolea mlezi ule mzigo wa kulisha kwa hofu. Na mlezi naye asione haya kuuliza. Mbwa wa shemeji si shemeji.

Wazee walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, wakiwa na maana kwamba mbwa huchukua tabia za bwana wake. Simba wetu amerudia ugali wake wa omena, ingawa ilichukua miezi mitatu ya kulia mlangoni na ya sisi kuziba masikio. Likizo ya Desemba ikifika wengi watafunga safari, na mbwa wengi watapelekwa Bungoma, Webuye na Kimilili kwa mashemeji na wajomba. Kabla hujampandisha garini, keti mezani ule chakula chako, na umtazame anafanya nini. Hayo atakayoyafanya ndiyo uliyomfundisha wewe.