Mteja Hayumo Kwenye Video

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetaka kuanzisha biashara siku hizi hushauriwa kwanza ajisajili kwenye kozi ya ujasiriamali mtandaoni. Hutazama video kwenye simu, hujibu maswali ya kuchagua, hupokea cheti chenye jina lake, na waliomsajili humhesabu kwenye ripoti kuwa mjasiriamali aliyehitimu. Safu hii haitachoka kuipinga hesabu hiyo. Katika hatua zote hizo hakuna mtu hata mmoja aliyeombwa atoe fedha yake mfukoni kununua kitu, na biashara ambayo haijafika hapo bado ni wazo.

Ushahidi upo, tena wa Afrika. Mjini Lomé, Togo, watafiti waliwagawa wafanyabiashara wadogo 1,500 kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Moja lilifundishwa kwa mtindo tuliouzoea: hesabu, masoko, utunzaji wa fedha. La pili lilifundishwa kujiongeza: kuiona fursa kabla ya jirani, kutenda bila kusubiri kuambiwa, kung'ang'ana kikwazo kikitokea. La tatu halikufundishwa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science. Faida ya kundi la pili iliwapita wasiofundishwa kwa asilimia 30. Ya kundi la kwanza kwa 11 tu, tofauti ndogo ambayo huenda ilitokana na bahati. Makundi yote mawili yalikuwa na wakufunzi waliowafuata kwenye biashara zao baada ya darasa, kwa hiyo siri haikuwa ziara hizo. Ilikuwa kile walichofundishwa kufanya. Mwanasaikolojia Michael Frese, ambaye fikra zake ndizo msingi wa mafunzo ya kundi la pili, alishiriki pia kubuni STEP, mafunzo ya wanafunzi wa vyuo yaliyojaribiwa Uganda. Humo wanafunzi hupewa mtaji mdogo, karibu dola 100 kwa kikundi, na kuendesha biashara halisi wakati kozi ikiendelea.

Watetezi wa kozi za mtandaoni watauliza: na aliye Kigoma au Mtwara, asiye na mkufunzi wa kumfuata, afanyeje? Swali ni la haki, na intaneti haina kosa hapa. Mwalimu wa ujasiriamali wa Marekani, Steve Blank, aliweka mihadhara yake mtandaoni mwaka 2012, bure. Lakini katika I-Corps, mpango wa Marekani ulioanza 2011 kwa kufuata mbinu zake, kila timu hutakiwa kuhoji wateja wapatao 100 ndani ya majuma saba. Video hutazamwa nyumbani. Muda wa darasa ni wa kubanwa maswali kuhusu walichosikia kwa wateja. Kigoma kuna soko. Mkufunzi aliye mbali anaweza kudai kila Ijumaa majina ya watu kumi waliohojiwa na kiasi kilichouzwa. Wengine watasema ratiba ya mitihani hairuhusu. Saa zinazotumika kutazama video zikipunguzwa nusu, muda utapatikana.

Hosteli zetu zina mabinti wanaouza maandazi na vitenge tangu mwaka wa kwanza. Hawana cheti, lakini wanajua nani hulipa taslimu, nani hukopa, na bei ipi humfukuza mnunuzi. Chuo kinapogawa mtaji wa kuanzia, fomu isiulize cheti. Iulize daftari la mauzo.