Butembo: Mama mhami hakosi ufundi, anakosa peloti ya kwanza

Mji wa Butembo uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, lakini mgeni anayefika hapa na shati moja tu anajuta usiku huo huo. Mji umekaa juu ya milima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mvua za kuanzia mwezi wa tisa zinaleta baridi inayoingia mpaka ndani ya nyumba za mbao. Ndiyo sababu duka la uzi wa kufumia, ule ambao wamama wengi wanauita lene, si duka la mapambo katika mji huu. Ni duka la lazima.

Kila bidhaa mpya inapopita mpaka wa Kasindi na kufika sokoni, maduka hayo yanabadilika sura. Rangi mpya zinatundikwa mlangoni: bluu ya shule, waridi na nyeupe za watoto, uzi laini kama manyoya ya sungura, uzi wenye kung’aa. Wamama wanasimama, wanagusa, wanauliza bei. Wengine wananunua. Wengine wanarudisha peloti mahali pake na kwenda zao. Kati ya hao wanaokwenda mikono mitupu kuna wahami wengi, na wengi wao si kwamba hawajui kufuma.

Vita ilipofika Kanyabayonga na Kirumba mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, familia nyingi za kusini ya Lubero zilipanda kuelekea Lubero na Butembo. Kabla yao walikuwa wamefika wengine waliokimbia mauaji ya upande wa Beni. Wengi hawakuingia kambini. Walipokelewa na ndugu, na watu wa kanisa, na hata wenyeji wasiowajua. Nyumba ya watu sita ikawa ya watu kumi na tano. Mashamba ya viazi na maharagi yalibaki nyuma, mbuzi wakabaki, cherehani ikabaki. Lakini kuna kitu ambacho hakikubaki nyuma: mikono. Mama aliyefundishwa kufuma akiwa msichana, na bibi yake au na masista katika foyer ya parokia, alikimbia na ufundi wake mzima.

Kwa hiyo, wakati umefika wa kusema jambo hili wazi: wamama wahami hawahitaji kufundishwa tena kufuma. Wanahitaji peloti ya kwanza, na mtu wa kununua kile wanachofuma.

Mafunzo yamekuwa desturi. Shirika linafika, linaandika majina, linafundisha miezi mitatu au sita, linatoa cheti, linapiga picha, linaondoka. Mama anabaki na cheti, sindano mbili na peloti chache ambazo zinaisha ndani ya wiki mbili. Hakuna ubaya katika kufundisha, hasa wasichana ambao vita iliwatoa shuleni. Ubaya ni kufikiri kwamba umaskini wa mama huyu unatokana na kutojua. Sindano si tatizo kubwa: kuna wanaonoa waya za gurudumu la baiskeli juu ya jiwe mpaka zipate ncha, na wengine wanachonga za mwanzi. Tatizo ni uzi, na namna uzi unavyouzwa.

Hesabu yake si ngumu. Kofia ya mtoto mchanga inakula gramu 20 hadi 30 za uzi. Peloti moja ya gramu 100 inatoa kofia tatu, na mama anayejua kubana anaweza kufikisha ya nne. Triko ya mtoto wa miaka 6 au 7 inahitaji gramu 200 hivi au zaidi kidogo. Triko ya mtu mzima inaweza kumeza gramu 400 hadi 600. Mwenye pesa ananunua peloti zote siku moja na kuanza kazi. Mhami ananunua moja, anafuma mgongo, anasubiri wiki mbili apate franga za kununua nyingine. Anaporudi dukani, rangi ni ile ile kwa jina, lakini si ile ile kwa macho.

Wafumaji wanaijua siri hii. Karatasi ya peloti ina namba mbili: namba ya rangi, na namba ya mara ile uzi ulipotiwa rangi kiwandani. Bluu mbili zenye namba moja ya rangi, lakini zilizotoka katika vyungu viwili tofauti vya rangi, hazifanani kabisa. Usiku kwenye taa hazionyeshi tofauti. Mchana, kifua kinakuwa cha bluu moja na mikono ya bluu nyingine. Mzazi aliyeagiza triko ya shule anakataa kuichukua, au anaomba kupunguziwa bei. Hivyo mama maskini anapata hasara kwa sababu moja tu: alinunua kidogo kidogo. Mwenye uwezo haoni hasara hiyo hata siku moja.

Dawa yake haihitaji mfadhili kutoka ng’ambo. Mwenye duka anaweza kumwekea mteja peloti nne au tano za namba moja, akapokea malipo ya moja moja kila wiki. Anaweza pia kuweka mizani ndogo juu ya meza na kuuza gramu 25 za uzi kwa anayetaka kofia moja tu, sawa vile sokoni chumvi na sabuni zinavyouzwa kwa vipimo vidogo kwa sababu wanunuzi hawana pesa ya kipimo kikubwa. Peloti iliyokatwa haiharibiki. Mabaki ya rangi mbalimbali, ambayo leo yanakaa vumbini, yanatengeneza kofia nzuri za mistari.

Kuna watakaosema: kwa nini ufume wakati triko za mitumba zimejaa sokoni? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni la haki pia. Kwa mtu mzima, kufuma triko nzima ili kushindana na mtumba ni kazi ya hasara. Uzi peke yake unaweza kupita bei ya triko iliyokwisha kutengenezwa. Hapo mtumba umeshinda, na mama asidanganywe. Tena mtumba wenyewe ni ghala la uzi kwa anayejua kuchagua. Kabla ya kuununua ili uufumue, geuza ndani uangalie mshono: kama kingo zimekatwa na mkasi na kuzungushiwa uzi wa mashine, utatoka na vipande vifupi visivyofaa. Kama kingo zimefumwa zenyewe, uzi utashuka mmoja mrefu. Unaoshwa, unatundikwa na kitu kizito ili unyooke, unakuwa kama mpya.

Lakini kuna mahali pawili ambapo mtumba haushindi kirahisi. Pa kwanza ni shule. Wanafunzi wa Kongo wanavaa bluu na nyeupe, na asubuhi ya baridi mtoto anahitaji triko ya bluu inayokubalika na shule. Kupata triko arobaini za bluu moja kwenye marundo ya mitumba ni bahati. Kuziagiza kwa kikundi cha wafumaji mwezi wa saba, ili ziwe tayari masomo yanapofunguliwa mwezi wa tisa, ni mpango.

Pa pili ni mtoto mchanga. Hapa suala si biashara tu. Mtoto anapozaliwa anatoka kwenye joto la mama na kuingia katika hewa ya chumba, akiwa na maji mwilini. Kichwa chake ni kikubwa kulingana na mwili, na joto jingi linapotea kupitia hapo. Waganga wanataka joto la mwili wake libaki kati ya digri 36.5 na 37.5. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana mafuta ya kumlinda, na baridi peke yake inaweza kumwangusha. Dawa ya kwanza ni kifua cha mama: ngozi kwa ngozi, maziwa ya mama mapema, na kutomwogesha mtoto siku ile ya kwanza. Kofia na soksi zinafuata hapo. Hazichukui nafasi ya kifua cha mama, lakini zinakisaidia, hasa kwa mama aliyejifungulia nyumba ya kupokelewa, analala chini, na nguo za mtoto alizoziandaa zimebaki kijijini.

Kwa kazi hii si kila uzi mpya unafaa. Ule wa manyoya unavutia macho, lakini unaachia nyuzi ndogo zinazoingia mdomoni mwa mtoto, tena ukikosea ni vigumu kuufumua. Ule wa kung’aa unakwaruza ngozi. Uzi wa kawaida wa akriliki, laini na usio na madoido, unatosha: ni nafuu, unaoshwa mara nyingi, unakauka upesi. Ila ukaushwe mbali na mbabula, kwa maana akriliki haivumilii moto, inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Pamba ni nzuri kwa ngozi lakini ikilowa inakaa na maji na kuleta baridi. Na ndani ya soksi, nyuzi zote zifungwe na kufichwa vizuri. Uzi mmoja unaoning’inia unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu bila mtu kujua kwa nini analia.

Yanayotakiwa basi ni mambo machache. Mashirika na vituo vya afya vinavyoandaa vifurushi kwa ajili ya wamama wanaojifungua, vinunue kofia na soksi hapa hapa, kutoka kwa vikundi vyenye wahami na wenyeji pamoja, kabla ya kuagiza mbali. Shule ziongee na vikundi hivyo kabla ya likizo kwisha. Na wenye maduka wakopeshe uzi kidogo kwa kikundi, si kwa mtu mmoja. Wamama wa Butembo wanajua likelemba tangu zamani: mmoja akishindwa wiki hii, wenzake wanamshika mkono, na jina la kikundi linabaki safi.

Wafanyabiashara wana hofu yao, na haifai kuidharau. Wanasema mhami leo yuko hapa, kesho vita ikisogea naye anasogea, na deni linakwenda naye. Ni kweli. Ndiyo maana mkopo uwe wa peloti moja au mbili, si wa dazeni, na mwenyeji awepo katika kila kikundi. Hasara ya peloti moja inabebeka. Faida yake ni mteja anayerudi kila wiki, na uzi unaotoka badala ya kufifia dirishani. Butembo ni mji uliojengwa na wafanyabiashara walioanza na mzigo mdogo, na wengi wao waliaminiwa na mtu kwanza.

Wenyeji nao wasisahauliwe. Mama wa Kimemi au Bulengera aliyegawana chumba chake na chakula chake amechoka pia. Akiona msaada wote unamwendea mgeni wake, moyo unaingia kutu. Kikundi kimoja, peloti moja, faida ya kugawana: hapo ugeni unapungua.

Hakuna anayesema sindano mbili zitachukua nafasi ya amani. Mhami anataka kurudi kwenye shamba lake, na siku barabara itakapofunguka ataacha kufuma katikati ya mstari ili aende kupanda. Ni haki yake. Lakini mpaka siku hiyo ifike, watoto wanazaliwa kila usiku kwenye baridi ya Butembo, na mikono ya mama zao imekaa bure mapajani. Gramu 25 za uzi zinatosha kuanza.