Pumzi za Kibiti, hewa ya Hanang

Siku hizi klabu za jogging zimechoka na lami, zinataka mlima. Akitokea mtu kwenye kundi la WhatsApp akaandika "Hanang, kupanda na kushuka siku moja", wa kwanza kujiandikisha ni wacheza mpira. Winga wa ndondo wa Kibiti anayemaliza dakika 90 kwenye mchanga na jua la saa tisa mchana, halafu anauliza kama kuna nyongeza, ataogopa mlima kwa lipi?

Aogope. Pumzi anazo, tatizo anaziamini kupita kiasi.

Kibiti ni tambarare. Ukifika Nyamisati zinakopakia boti za Mafia, au ukaingia ndani zaidi ya Delta kule Mbwera na Salale, maisha yanakwenda kwa maji kujaa na maji kupwa. Kijana wa huko amezaliwa usawa wa bahari na amecheza mechi zake zote usawa wa bahari. Kilele cha Hanang kinapita mita 3,400. Asilimia ya oksijeni kule juu ni ileile ya ufukweni, ila hewa yenyewe ni nyepesi, kiasi kwamba kila pumzi moja inaingiza oksijeni pungufu kwa karibu theluthi. Mapafu ni yaleyale na moyo ni uleule, mafuta ndiyo yamepunguzwa.

Mashabiki wa soka hili wanalijua, ila wanalikumbuka timu ikifungwa tu. Aprili 1, 2009 Argentina ya kocha Maradona, Messi akiwa ndani, ilikandikwa 6-1 na Bolivia mjini La Paz, kwenye mita kama 3,600. Hapa nyumbani timu ya Dar ikidondosha pointi Mbeya, penye mita kama 1,700 tu, utasikia "hali ya hewa". Kama Mbeya inatosha kuwa kisingizio, Hanang yenye urefu mara mbili yake tuiite nini?

Na asijidanganye mtu kwamba ni udhaifu wa watu wa Pwani peke yao. John Stephen Akhwari ni mtoto wa Mbulu, nyanda za juu, jirani kabisa na huo Hanang. Oktoba 20, 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki Mexico City, kwenye mita 2,240. Simulizi inayotolewa mara nyingi ni kwamba misuli ilimkaza kwa sababu hakuwa amejiandaa kwa mwinuko ule, kisha akaanguka na kuumia goti. Alimaliza wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Ushujaa wake wa kumaliza unaimbwa mpaka leo. Lile somo la maandalizi halisemwi sana.

Sasa tazama safari hizi zinavyopangwa. Basi linaondoka Kibiti Ijumaa jioni, linapita Dar, Dodoma, Babati, zaidi ya kilomita 800, linafika Katesh Jumamosi watu wamevimba miguu. Saa tisa usiku wanaamshwa, wanapanda. Jumapili jioni wako kwenye basi tena. Hakuna kocha mwenye akili angeipeleka timu yake kwenye mechi ya kirafiki kwa ratiba hiyo, achilia mbali fainali.

Mwili unataka siku. Ndani ya siku ya kwanza na ya pili unaanza kupumua haraka na kwa kina zaidi bila kuamriwa. Damu kuongeza chembe nyekundu ni kazi ya wiki kadhaa. Hizo wiki mtu wa kazi hana, sawa. Lakini usiku mbili au tatu Katesh, ambako tayari pamepita mita 1,500, na matembezi mepesi mchana, zinawezekana. Kupanda Lupanga pale Morogoro mwezi mmoja kabla nako kuna faida, ila watu waelewe faida ipi: kunafundisha miguu na mwendo. Mazoea ya hewa hayawekwi akiba mwezi mzima.

Kuna jambo linawashangaza wengi. Kuwa fiti hakukingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Mara nyingine yule aliye fiti ndiye anaumwa, kwa sababu anapanda kama anafukuzia mpira wa kona, wakati beki mstaafu mwenye kitambi anatembea taratibu, anapiga stori, anafika kichwa hakimuumi.

Mazoezi yenyewe Kibiti yapo, hata bila kilima. Anayevuka tope la mikoko maji yakitoka anajenga paja na kifundo kuliko gym yoyote. Kinachokosekana ni muda mrefu: kutembea saa tano au sita mfululizo, begi mgongoni, maji na chakula ndani, kila wiki kwa miezi miwili. Mpira ni kukimbia na kusimama. Mlima ni saa kumi bila refa. Na kushuka ndiko kunakovunja mapaja, kwa hiyo apande na kushuka benchi mpaka achoke, ashuke polepole.

Kubwa zaidi ni lugha ya uwanjani. Mtu akilegea, kapteni anapiga kelele, "kaza mwanangu!" Juu ya mita 2,500 neno hilo ni hatari. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu kikaja, mtu asimame, asipande tena mpaka atulie. Akianza kuyumba, kuongea ovyo, au kuhema akiwa amekaa, anashushwa saa hiyohiyo na asiachwe peke yake, hata kama kilele kinaonekana pale. Nani kwenye kikosi amepewa kazi ya kusema "tunarudi"? Kwa kawaida hakuna.

Ila fulana za safari zinakuwa zimeshachapwa, rangi ya klabu, jina mgongoni. Hela ya fulana ingelipa walau usiku mmoja zaidi gesti ya Katesh, na mweka hazina anayekusanya michango analijua hilo.