Kiti cha Mbunge Ni Amana

Mbunge anapohama chama, kiti anachokalia ni cha nani? Bunge la Kenya lililochaguliwa Mei 1963 liliwahi kulijibu swali hilo kwa njia mbili zinazopingana.

Novemba 1964, chama cha upinzani cha KADU, kilichoongozwa na Ronald Ngala, kilijivunja, na wabunge wake waliosalia wakahamia KANU. Hawakutakiwa kurudi kwa wapiga kura kuomba ridhaa upya. Lakini Aprili 1966, Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU na kujiunga na KPU, Katiba ilirekebishwa upesi: anayehama chama apoteze kiti. Juni mwaka huo uchaguzi mdogo ukafanyika kwa viti 29 vya mabaraza yote mawili; KPU ikaambulia 9. Oktoba 1969 ikapigwa marufuku.

Kanuni yenyewe ni ya haki, kwani kiti ni amana ya wananchi. Hata hivyo, sheria isiyowagusa wanaoingia chama tawala, ikatungwa kuwabana wanaotoka, hailindi amana hiyo. Huwalinda wenye madaraka. Sheria ni msumeno. Hapana budi ukate mbele na nyuma.