Geti Lifunguliwe Mapema

Anayekwenda uwanjani kwa mara ya kwanza huagwa nyumbani kwa maonyo mengi kuliko anayesafiri ng'ambo. Simu nzuri iachwe. Pesa igawanywe, nyingine mfukoni, nyingine kwenye soksi. Usivae rangi usiyoijua maana yake. Usikae nyuma ya goli, pale ndipo wanapokaa wale wenyewe. Maonyo yote hayo yanahusu watu: wezi, walevi, wenye hasira. Sijapata kumsikia mama akimwambia mwanawe, "Ukifika, kwanza tazama mageti ni mangapi na yapi yamefunguliwa." Toleo hili tumelitoa kwa mashabiki, hasa yule anayejitosa kati yao kwa mara ya kwanza, na msimamo wetu ni kwamba maonyo hayo yamekosa shabaha. Kwenye uwanja uliojaa, watu ndio wa kutegemewa zaidi. Pa kuhofiwa ni getini.

Kisumu tunalijua jambo hili kwa sababu ya timu moja. Gor Mahia ilianzishwa mwaka 1968, ikatwaa ligi mwaka huo huo, na kufikia 2024 ilikuwa imeitwaa mara 21. Mwaka 1987 ilibeba Kombe la Washindi barani Afrika baada ya sare mbili na Espérance ya Tunis, 2-2 ugenini na 1-1 Kasarani, bao la ugenini likaamua. Mechi zake nyingi huchezwa Nairobi. Lakini K'Ogalo, kama tunavyoiita, ikicheza huku Ziwani, iwe katika uwanja wa Moi mjini au kule Mamboleo, huwa ni mkutano wa ukoo mzima ambao mpira umewekwa katikati yake kama ajenda. Mechi ni saa tisa alasiri. Saa nne asubuhi barabara ya kutoka Kondele kwenda Mamboleo imeshageuka kijani. Mabasi ya matawi ya mashabiki yameingia kutoka Siaya, Homa Bay na Migori, mengine yamekesha njiani kutoka Nairobi. Wauza njugu wamepanga vifurushi, wauza jezi wanabishana bei, na boda boda zimepandisha nauli bila aibu.

Nairobi kuna NAICCON, ambako vijana wapenda katuni na michezo ya kompyuta hukutana wakiwa wamevaa kama wahusika wanaowapenda, na wapo wanaolizungumzia jambo hilo kana kwamba lilishushwa nchini kwa ndege. Waje Mamboleo. Hapa utamwona mzee mzima amejipaka kijani kuanzia utosini hadi kiunoni, kichwani kofia ya chuma yenye pembe za ng'ombe, mkononi ngao ya kadibodi aliyoikata mwenyewe. Nyuma yake kuna aliyeshona joho la askofu kwa bendera za timu, naye anawabariki wapita njia kwa chupa ya maji. Hata jina la klabu ni la mhusika. Gor Mahia alikuwa mganga wa Kanyamwa, na masimulizi yanasema aliweza kujigeuza umbo atakavyo. Ingekuwa ajabu timu yenye jina hilo ikose mashabiki wa kujigeuza.

Basi mgeni anaingiaje katika haya yote? Alama yake naijua. Jezi yake bado ina mikunjo ya karatasi ya nailoni, na anapiga makofi nusu sekunde baada ya wengine. Msimu mmoja nilisimama karibu na kijana wa namna hiyo, umri wake kama miaka 15, amejibanza kwenye ngazi kwa sababu pale anaona vizuri. Nyuma yetu alikuwepo mama mmoja, leso kiunoni, vuvuzela kwapani. Akamgusa bega.

"Nyathina, hapo si pa kusimama. Ngazi ni ya watu kupita."

"Sawa, mama. Ni vile sioni."

"Utaona. Panda huku, ushike hiki chuma. Wakifunga bao watashuka wote mbio mpaka kwenye waya. Wewe usishuke. Ngoja warudi."

Bao likaja. Jukwaa zima likateremka kama alivyosema, na yule mama, huku anapuliza vuvuzela lake kwa mkono mmoja, akaunyoosha ule mwingine mbele ya kifua cha kijana na kuushika uzio, akamzuia hivyo mpaka kelele zikapungua. Kisha akammiminia njugu kiganjani. Hakumwuliza jina wala tawi. Kipindi cha pili kijana alikuwa akimwambia mtu mwingine atoke kwenye ngazi.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu ndilo lisiloandikwa kwenye kurasa za michezo. Kuna mafunzo yanayotolewa jukwaani kila wiki, bure, na wasio na cheo chochote. Wala hayakuanzia kwenye mpira. Kabla ya uhuru Luo Union ilikuwa imeshaenea katika miji ya Afrika Mashariki, ikiwapokea wageni mjini na kuchanga pesa za kuirudisha nyumbani maiti ya mtu aliyefia kazini. Hapa Kisumu ilijenga ukumbi wa kumbukumbu ya Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Tawi la mashabiki limerithi desturi hizo karibu zote. Lina mwenyekiti, lina mweka hazina, lina daftari la michango, na lina mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa kabla basi halijang'oa nanga. Mwanachama akifiwa, turubai la tawi huwahi kufika kuliko la jamaa. Wanaosimamia viwanja wangeliomba daftari hilo mara moja tu, wangejua watu wangapi wanakuja, kutoka wapi na saa ngapi.

Hata uhasama wetu mkubwa umefungwa kwa undugu. AFC Leopards, iliyozaliwa mwaka 1964 kama Abaluhya na kubadili jina mwaka 1980 majina ya kikabila yalipokatazwa, ndiye mpinzani, na pambano hilo huitwa la Mashemeji kwa sababu Waluo na Waluhya wameoana vya kutosha. Vihiga iko pua na mdomo na Kisumu. Nyumba nyingi za mtaa wa Manyatta zina mume wa K'Ogalo na mke wa Ingwe (Leopards), na Jumapili ya mechi chakula cha mchana hupikwa mapema na kuliwa kimya.

Sisemi mashabiki ni malaika. Machi 2012, pambano hilo lilivurugika katika uwanja wa Nyayo baada ya mchezaji wa Gor Mahia kutolewa kwa kadi nyekundu. Viti viling'olewa na kutupwa uwanjani. Wapo wanaovaa jezi ili wapore simu wakiwa ndani ya maandamano ya kwenda uwanjani. Wapo wanaume wanaotumia msongamano kuwashika wanawake, na wanawake waliozungumza nasi kwa ajili ya toleo hili walilitaja hilo kabla hawajataja jambo lingine lolote. Hayo ni makosa ya watu wenye nyuso, wakamatwe na washtakiwe. Tatizo huanza pale makosa yao yanapotumiwa kueleza vifo vilivyotokana na kitu kingine kabisa.

Tarehe 23 Oktoba 2010, mashemeji walipokutana Nyayo, watu 7 walikufa kwenye msongamano. Mitaani wiki ile ilisemwa, na mimi nilisikia, kwamba mashabiki wetu hawana subira. Lakini msongamano hauui kwa kukosa subira. Watu wanapozidi watano hivi katika kila mita mraba, hakuna anayetembea kwa hiari yake tena. Msukumo hupita mwilini mwa mmoja hadi kwa mwingine, na aliye nyuma hana njia ya kujua kwamba aliye mbele amebanwa ukutani. Wengi wa wanaokufa hawakanyagwi. Hufa wamesimama, kwa sababu kifua kimekosa nafasi ya kupanuka. Jambo pekee linaloweza kuwaokoa ni nafasi, na nafasi haitolewi na shabiki. Hutolewa na mwenye geti.

Waingereza ilibidi walijifunze hili kwa aibu. Hillsborough, tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walielekezwa kwenye vizimba vilivyokuwa vimeshajaa, na waliokufa hatimaye walifikia 97. Polisi na magazeti walisema ni walevi walioingia kwa nguvu. Familia zilipambana na maneno hayo hadi mwaka 2016, miaka 27, ndipo jopo la wazee wa baraza likaamua kwamba waliokufa waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na hatia. Huku kwetu Afrika, Januari 2022, watu 8 walikufa nje ya uwanja wa Olembe mjini Yaoundé wakati wa Kombe la Mataifa, na rais wa shirikisho la soka Afrika, CAF, Patrice Motsepe, akakiri kwamba geti lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa.

Hapa Kisumu, hofu ya umati ina historia yake. Tarehe 25 Oktoba 1969 watu walijaa kwenye ufunguzi wa hospitali mpya ya Nyanza, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Rais Kenyatta na kiongozi wa upinzani, Jaramogi Odinga, wakarushiana maneno mbele yao, fujo ikazuka, walinzi wa rais wakafyatua risasi. Idadi rasmi ya waliokufa ni 11, na wakazi hawajaacha kutaja kubwa zaidi. Mzazi aliyewakataza watoto wake kwenda penye watu wengi baada ya siku ile alikuwa na sababu, na katazo lake likarithiwa pamoja na shamba. Kilichosahaulika njiani ni kwamba wale 11 walipigwa risasi. Umati haukumuua yeyote kati yao.

Uwanja wa Mamboleo wenyewe una simulizi mbili zinazofaa kuwekwa pamoja. Ulizinduliwa kwa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2021, wakati wa Korona, na katika uwanja wa watu 30,000 hivi wakaruhusiwa 3,000. Uwanja wetu mkubwa ulianza maisha yake ukiwa mtupu, viti vimepangwa kwa vipimo, na kila geti likatosha. Kisha Raila Odinga, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mlezi wa Gor Mahia, alifariki tarehe 15 Oktoba 2025, na siku tatu baadaye mwili wake ukaletwa hapo hapo uagwe. Watu walianza kufika usiku. Asubuhi hapakuwa na hesabu tena. Wengi walizimia, wengine wakaumia kwenye msongamano. Siku mbili kabla, Kasarani, polisi walikuwa wamefyatua risasi mbele ya waombolezaji na watu wakafa. Mpiga picha wetu alikuwepo Mamboleo, na picha zake zimo katikati ya toleo hili. Tazama mikono. Katika nyingi utaona watu wakiwapitisha watoto juu ya vichwa kuelekea kwenye uzio, mkono kwa mkono, bila ya aliyetoa amri.

Serikali na mashirikisho hujibu namna gani? Kwa kupunguza watu. Agosti 2025, tulipokuwa wenyeji wa mashindano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, na Harambee Stars ikaifunga Morocco 1-0 nchi nzima isilale, wengine waliingia Kasarani kwa kuvunja utaratibu. CAF ikatoza faini na kuagiza watazamaji wasizidi 27,000, tiketi ziwe za kielektroniki pekee. Siwalaumu kwa tiketi. Ile ni hatua nzuri. Lakini adhabu ilimwangukia aliyebaki nje ya uzio akiwa na nauli yake mfukoni, na sikusikia mjadala wa maana kuhusu upana wa njia za kuingilia.

Kombe la Mataifa la 2027 limepewa nchi zetu hizi hizi tatu, na wengi wa watakaokuwa wakipita Kisumu wakitoka Busia kwenda Nairobi watakuwa wanakwenda kwenye uwanja mkubwa kwa mara ya kwanza maishani. Kwao tunasema: nendeni. Nendeni na tawi, mkiweza. Fikeni mapema, na kabla ya kutafuta kiti tafuteni njia mbili za kutokea. Ukibanwa, kunja mikono mbele ya kifua ujiachie nafasi ya kupumua, usishindane na msukumo, utulie unapopungua kisha usogee kwa mshazari kuelekea pembeni. Kitu kikianguka kisifuatwe.

Kwa wenye viwanja tuna madai, na si mageni. Geti lifunguliwe saa tatu kabla ya mechi. Tiketi zisiuzwe kwenye geti lile lile la kuingilia. Milango yote ifunguke kwa kusukumwa nje. Vyoo vya wanawake viwepo, viwe na taa, na njia ya kuvifikia isipite jukwaa la wanaume. Na yule mhudumu mwenye ufunguo wa mlango wa dharura asitoke hapo mpaka kipenga cha mwisho. Tulipokuwa tukiandaa toleo hili tuliomba kuonyeshwa mlango huo katika uwanja mmoja, siku ya kawaida, saa tano asubuhi. Ulikuwa na kufuli. Mwenye ufunguo alipigiwa simu mara kadhaa, akapatikana, akasema yuko njiani.