Mgeni Kaondoka Malindi: Je, Mwenyeji Alipona?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumefunzwa tangu shule ya msingi, nasi tunaendelea kuwafunza wengine, lakini aghalabu tunaifasiri kijuujuu, kana kwamba kuja kwa mgeni ndiko kupona kwenyewe. Katika makala haya nadhamiria kuitumia methali hii kama kipimo cha mji wa Malindi, ambao kwa miongo mingi ulikuwa miongoni mwa miji mashuhuri ya mapumziko katika pwani ya Kenya, na ambao sasa hutajwa zaidi kwa majumba yaliyofungwa na vibarua waliopoteza kazi. Swali langu ni moja: mgeni alipokuja, mwenyeji alipona?

Huenda msomaji akastaajabu kwamba anayeuliza haya ni mkaazi wa Githurai 45, mtaa uliopewa jina kwa nambari ya basi na ulio mbali na bahari kwa takriban kilomita 500. Kilichonisukuma kushika kalamu ni jirani yangu. Karibu na steji yetu, mzee mmoja Mgiriama hukaanga viazi karai na mahamri kila jioni. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Malindi. Anajua kuukanda unga wa piza hadi ukawa laini kama shavu la mtoto. Kiitaliano anakisema bila ya kusita, ila hapa Githurai hana wa kuzungumza naye. Siku moja nilimwuliza ni lipo kubwa alilojifunza huko. Akanijibu: "Mwanangu, tulifunzwa kusema karibu kwa lugha yao. Hakuna aliyetufunza la kufanya wasipokuja."

Kauli hiyo haijanitoka akilini. Naam, Malindi haikuzaliwa na utalii. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika katika ikulu ya mfalme wa Uchina wakiwa na zawadi ya twiga. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipokelewa mjini humo, akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Mtu anaweza kuujadili sana ukarimu huo na matokeo yake, lakini jambo moja ni bayana: mwenyeji wa enzi hizo alikuwa na chake. Alikuwa na bandari, biashara na mtawala wa kuzungumza kwa niaba yake. Mgeni alikuja kutafuta, naye mwenyeji alikuwa na cha kutoa au kunyima.

Malindi ya mapumziko ni nyingine kabisa. Hoteli zake za kwanza zilifunguliwa na Waingereza katika miaka ya 1930, kwa ajili ya walowezi walioteremka kutoka nyanda za juu kuja kuota jua na kuvua samaki. Waitaliano walianza kuonekana kwa wingi baada ya nchi yao kujenga kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco huko Ngomeni, kaskazini mwa mji, katika miaka ya 1960. Ni kutoka kituo hicho ambapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Wahandisi waliwapasha habari jamaa na marafiki. Marafiki wakaja, wakajenga majumba, wakafungua mikahawa. Malindi ikaanza kuitwa Italia ndogo.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Jina angani lilikuwa Uhuru, lakini chini ardhini mwenyeji alikuwa amekwisha kupoteza mahali pa kusimama. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi wa pwani bila ya haki ya maandishi juu ya mashamba waliyoyalima, na vizazi vyao vikaitwa maskwota. Ukuta wa hoteli ulipojengwa, njia ya kwenda ufuoni ilizibwa. Mwenyeji akaingia kwa mlango wa nyuma akiwa mpishi, bawabu, mfuaji wa mashuka au mchuuzi wa vinyago. Wengine, tena wakiwa watoto, waliingia kwa mlango wa aibu zaidi: ripoti ya UNICEF na serikali ya Kenya ya mwaka 2006 iliitaja Malindi miongoni mwa maeneo ya pwani ambako watoto walitumiwa katika biashara ya ngono.

Mji uliosimama juu ya nguzo moja huanguka nguzo hiyo inapotikiswa, nayo ilitikiswa mara nyingi. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwatisha wageni wa pwani nzima. Likafuata shambulio la hoteli ya Kikambala la tarehe 28 Novemba 2002, kisha ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mei 2014 Uingereza iliwashauri raia wake wasizuru Mombasa. Malindi haikutajwa, lakini wageni wake wengi walishukia uwanja wa ndege wa Mombasa, hivyo nayo ikaumia. Fauka ya hayo, uchumi wa Italia wenyewe uliyumba baada ya mwaka 2008. Hatimaye, Machi 2020, ugonjwa wa Korona uliifunga Italia, na Kenya nayo ikasimamisha safari za ndege za kimataifa hadi Agosti mosi. Katika matukio yote haya uamuzi ulifanywa kwingine: na magaidi, wanasiasa, mabenki, mabalozi. Mwenyeji alisubiri tu kuambiwa kama kesho ataenda kazini.

Wala sisi wa bara tusijitoe lawamani. Maji ya mvua yanayofagia vichochoro vyetu vya Githurai huteremkia vijito ambavyo hatimaye huingia mto Athi. Mto huo hupita maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Thika, ukaungana na mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga baharini kaskazini mwa Malindi. Njiani huzoa udongo wa mashamba yasiyokingwa dhidi ya mmomonyoko. Watafiti waliochunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, walikuta ndani yake alama za ongezeko la udongo huo katika karne ya 20. Ndiyo sababu wakati wa mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na ndiyo sababu ufuo mbele ya baadhi ya hoteli kongwe umejaa mchanga hadi maji yakawa mbali nazo. Tunaomboleza kuondoka kwa mgeni ilhali tunamwagia mwenyeji tope mlangoni.

Kuna watakaonikosoa kwamba nadharia hazishibishi, na kwamba dawa ni kutangaza zaidi ili Waitaliano warejee. Siwapuuzi. Mshahara wa mpishi ulisomesha watoto, na hoteli inapofungwa, mvuvi na mwuza mboga pia hulala njaa. Hata hivyo, kumrejesha mgeni yuleyule katika mpango uleule ni kungojea pigo jingine. Tuna mifano bora zaidi. Tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo ulio Gede umewawezesha wanavijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo. Msitu ukawa na walinzi kwa sababu una faida kwao. Magofu ya Gede yenyewe yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Huo ni mtaji ambao hauwezi kupanda ndege na kuondoka.

Basi napendekeza haya. Serikali ya Kaunti ya Kilifi izifungue njia za umma za kwenda ufuoni na kuharakisha hati za maskwota. Wenye hoteli watenge vyumba ambavyo mwalimu wa Ruiru na familia yake wanaweza kuvilipia mwezi wa Agosti, badala ya kumkumbuka Mkenya pale tu Mzungu anapokosekana. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Ziara zetu za pwani hazina budi kuwa zaidi ya kupiga picha ufuoni. Tukusanye masimulizi ya wapishi, mabawabu na wavuvi kabla hayajapotea. Tuandike vitabu vya kumwongoza mgeni kwa Kiswahili, maana katika mji wa Waswahili nilikuta orodha za vyakula ambazo Kiswahili hakikupewa hata mstari. Lugha iliyofukuzwa mezani haiwezi kumlisha mwenyewe.

Juzi nilimsomea mzee rasimu ya makala haya. Alisikiliza huku akigeuza viazi ndani ya karai, kisha akacheka. "Ongeza jambo moja, mwanangu," akasema. "Andika kwamba wateja wangu wa hapa hawahitaji ndege. Wanakuja kwa miguu, na kesho watarudi."