Zana Zisizo na Msimbo na Uhaba wa Waandishi wa Programu

Kila mahitaji ya programu za kompyuta yanapowazidi wanaoweza kuziandika, huzuka ahadi kwamba kimepatikana chombo cha kuwaondolea watu haja ya wataalamu hao. Ahadi ya sasa ni zana zisizo na msimbo, yaani programu zinazomwezesha mtu kuunda programu nyingine kwa kupanga fomu, vitufe na majedwali kwenye skrini, bila kuandika msimbo, ambao ni maagizo inayopewa kompyuta kwa lugha yake maalumu.

Ahadi hiyo ina umri mkubwa. Lugha ya COBOL, iliyoanza kubuniwa Marekani mwaka 1959, ilitumia maneno ya kawaida ya Kiingereza kwa matumaini kwamba hata msimamizi asiye mtaalamu angeweza kuisoma. Lakini waandishi wa programu hawakupungua bali waliongezeka, kwa kuwa kazi ikirahisika watu huyaona mengine mengi wanayoyataka. Mwaka 1986 mtaalamu wa kompyuta Fred Brooks aliugawa ugumu wa kazi hii mafungu mawili: ule uletwao na zana, na ule uliomo katika jambo lenyewe, yaani kujua kinachotakiwa hasa, kanuni zake, na hali zinazotoka nje ya kanuni hizo. Zana mpya hupunguza ule wa kwanza tu.

Hata hivyo, kuzibeza zana hizi si haki. Zana iitwayo ODK, iliyoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington na kutumiwa mapema na mpango wa afya wa AMPATH huko Eldoret, Kenya, humwezesha afisa wa afya kupanga maswali yake katika lahajedwali, lile jedwali la mistari na safu ambalo makarani wengi wanalifahamu, akapata fomu ya kujazwa kwenye simu hata pasipo mtandao. Hapo zana hufanikiwa kwa sababu ugumu wa fungu la pili umekwisha kutatuliwa kichwani mwa afisa mwenyewe, ambaye anajua swali lipi lifuate lipi na jibu gani haliwezekani. Asiyeijua kazi hiyo, hata akipewa zana ileile, ataunda fomu nzuri ya kukusanyia upuuzi.

Hatari huanza pale programu ndogo inapokua bila mlezi. Mwaka 2021 iligunduliwa kwamba kumbukumbu zipatazo milioni 38, zikiwamo za chanjo na za waomba kazi, zilikuwa wazi mtandaoni katika tovuti zilizoundwa kwa zana ya Power Apps ya Microsoft. Hakuna aliyevunja mlango, ila waundaji hawakuwasha mpangilio wa kuzuia macho ya wageni, na pengine hawakujua kwamba upo. Hatari nyingine ni zana yenyewe kuondolewa: mwaka huohuo Google iliifunga App Maker, zana yake ya namna hiyo, na waliojenga juu yake wakalazimika kuanza upya kwingine.

Basi waajiri wasiwapunguze wataalamu kwa kutegemea zana hizi, bali wawaachie wenye kazi waunde fomu na taarifa zao ndogondogo, ili wataalamu wachache waliopo washughulikie malipo, usalama na kuunganisha mifumo. Kila programu ya namna hiyo iandikishwe, iwe na mwenyewe anayejulikana, na ikaguliwe kabla ya kuhifadhi taarifa za mtu yeyote. Kwani sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, hazimsamehe aliyevujisha siri za watu kwa sababu tu hakuandika msimbo.